Kaburi la Kaka Athmani Ugirikini

Jumatano, Mambrui

Mama hakutaka habari za safari. Aliuliza jambo moja tu, na ndilo nililoliogopa tangu nilipopanda ndege ya kurudi.

"Walimlaza kuelekea kibla?"

Kaka Athmani alikuwa baharia katika meli ya Wagiriki. Mwaka jana moyo ulimsimama humo melini, wakamzika kwenye kisiwa cha nahodha wake. Sisi tulipigiwa simu keshazikwa. Viza nimeihangaikia mwaka mzima.

Kisiwa chenyewe ni kizuri, hilo sikatai. Nyumba nyeupe za manahodha wa zamani, vichochoro vya mawe, hakuna gari, mizigo inabebwa na punda. Mama mzaliwa wa Lamu angejiona yuko kwao. Uzuri ule uliniudhi.

Mke wa nahodha ndiye aliyenipeleka makaburini. Kaburi la Athmani ni safi, yeye mwenyewe hulifagia kila wiki. Nikatoa simu, nikatafuta kibla. Kaburi limeelekea kwingine kabisa, kama yote yaliyo karibu nalo. Nilipoanza kulia, yule bibi alinishika mkono bila kujua ninalia nini. Ningemlaumu vipi? Walimzika kama wanavyozika watu wao.

Kwa hiyo leo nimemjibu Mama, "Ndiyo, Mama. Walimlaza vizuri."

Alinitazama usoni kitambo kirefu.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Sitakuuliza tena."

Akanipakulia wali. Nikashindwa kula, na yeye hakunisihi.