Susu, Wanauliza Musyoka Ni Nani Yako

Susu,

Mjomba Mutua amenipigia simu asubuhi, na tangu akate sijaweza kutulia. Nimefua nguo zilizokuwa safi. Nimetoka hadi barabarani nikarudi bila kununua kitu. Sasa nimekaa mezani nikuandikie wewe, kwa sababu kila mtu ninayemweleza jambo hili ananijibu, na mimi sitaki kujibiwa. Nataka kusikilizwa.

Amesema ule mpango wa kuweka msalaba kwenye kaburi lako Desemba uko palepale. Familia yote ifike Machakos, saruji imeshanunuliwa, mchungaji ameshaambiwa. Halafu akasema, "Na wewe msichana, usije na yule Mluhya wa maji."

Msichana! Mimi na mvi zangu hizi. Lakini si hilo lililoniwasha. Ni hilo la "Mluhya wa maji". Mtu ana jina. Huyu ana majina mawili, na moja ulimpa wewe.

Nikupe kwanza habari za huku, maana ulikuwa unachukia mtu anayeingia na shida kabla ya salamu. Soko la Toi limesimama tena. Nguzo ni mpya, mabati ni yaleyale yaliyoungua, ukipita bado yananuka nailoni. Pale ulipokuwa ukiuzia sweta za watoto, sasa kuna mama wa sahani na thamosi. Hakujui. Nilimwambia hiyo nafasi ilikuwa ya nyanya yangu, akadhani nataka kumfukuza, akaanza kuita majirani. Reli waliyoing'oa vijana imerudishwa. Chumba chako cha Soweto, hapa Kibera, kimepata mpangaji mwingine, amepaka mlango rangi ya buluu, na pembe ile inayovuja inavuja vilevile. Wakubwa wanakunywa chai pamoja. Wamegawana viti mpaka vimekwisha, wakachonga vingine. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa mlangoni, "Kwenu ni wapi?"

Basi. Umeshasalimiwa. Turudi kwa Musyoka.

Najua unakumbuka, lakini nataka kukisimulia kisa hiki mwenyewe, kwa sababu kwenye familia yetu kimeanza kusimuliwa vingine. Wengine wanasema ulifika Kawangware kwa gari la msaada. Wengine wanasema Mungu alikupitisha. Mungu alikupitisha, sawa, lakini alitumia mkokoteni.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, baada ya kura. Dawa zako za presha na sukari zilikuwa zimeisha, na kadi yako ilikuwa kwenye kliniki ya Kawangware, karibu na kwa Anti Mwende. Miaka yote hiyo safari yako ya kliniki ilikuwa sherehe. Nikija kukuchukua nasimama mlangoni, nasema, "Susu, tuthi," yaani twende, nawe unatoka na mkoba wako mweusi uliofungwa kwa raba, na kwenye kila mlango lazima usimamishwe usalimiwe. Waluhya wa ploti wanakuita Kukhu. Ukifika kwa Anti, majirani zake Wakikuyu wanakuita Shosho. Sisi wa damu tunakuita Susu. Uliitikia yote matatu, maana yote ni nyanya, kwa sauti ileile. Niliwahi kukuuliza lipi ni jina lako hasa. Ukasema, "Lile linaloletwa na chai."

Mwezi ule majina hayo yakageuka mapanga. Na sisi Wakamba, wakati wa kura tulikuwa na mtu wetu, akashindwa, tukakaa pembeni tukitazama pande mbili zikiumizana kana kwamba sisi ni wageni wa harusi. Halafu mtu wetu akapewa kiti serikalini, na jioni hiyohiyo Mkamba wa Kibera akawa adui. Wewe hukupewa kiti. Hukupewa hata kigoda. Lakini usiku huo mtu alipiga mlango wako kwa jiwe na kusema mwambie mkubwa wenu akuje akuchukue.

Nilikuja asubuhi nikakukuta umekaa kitandani, miguu imevimba, unaona maluweluwe na unadai ni moshi. Mguu wako wa kushoto, ule uliopatwa na kiharusi cha kwanza, ule uliokuwa ukisema umejiunga na chama cha wafanyakazi, siku hiyo uligoma kabisa. Famasi zote zilikuwa zimefungwa. Nilianza kuhutubia chumba. Nilizungumza juu ya tabaka, juu ya ardhi, juu ya wakoloni na wale waliowarithi. Ukanitazama ukasema, "Wakili, maneno yako ni ugali mkavu. Yanajaza, lakini hayashuki."

Ni Wekesa aliyeingia. Jirani yako wa mlango wa tatu, muuza maji, mtu mzima mwenye mke na watoto. Hakusema mengi. Alishusha mitungi kwenye mkokoteni wake, akatandika gunia na godoro lako, akasema, "Kukhu, panda."

Mimi nikataka tukufunike na magunia mengine ili usionekane. Ukakataa. "Mimi si kabeji." Ukaketi wima pale juu, mkoba mapajani, kofia yako ya sufi kichwani, kama malkia anayepelekwa kuuzwa.

Tulipokaribia maghorofa ya Nyayo Highrise tukawakuta vijana wameweka mawe na meza iliyovunjika. Mmoja akamtambua Wekesa. "Niaje buda, umebeba nani?"

"Kukhu yangu."

"Kukhu yako aje? Si huyu ni yule Mkamba wa masweta?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, naapa, yenye utangulizi. Ukaninyooshea mkono ukanifinya hapa kwenye bega, ukasema kwa sauti ndogo, "Wakili, funga mahakama." Na Wekesa akawaambia bila hata kuweka mikono ya mkokoteni chini, "Nimesema ni kukhu yangu. Nisipopita leo, kesho mtakunywa maji ya mtaro." Wakatazamana. Ukabila una nguvu, Susu, lakini kiu ina nguvu zaidi. Wakasogeza meza.

Na pale Highrise, ndani ya wazimu wote ule, moshi ukiwa nyuma yetu, yule mama aliyekuwa akianika shuka kwenye roshani akaita, "Wa maji! Niletee mitungi miwili!" Nawe ukamjibu, "Leo amebeba nyanya!" Akauliza, "Za ngapi?" Wekesa alicheka mpaka mkokoteni ukayumba. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikucheka. Nimecheka leo, peke yangu, nikifua zile nguo.

Lakini Kawangware kulikuwa upande mwingine, wa vijana wa Kikuyu. Neno lile, kukhu, lililokuokoa kule lingemuua yeye huku. Alijua. Tulipoanza kuona vijana wengine na mawe mengine mbele, nilimwambia arudi, mimi nitakusukuma. Akasema, "Dada, wewe hujui kusukuma, utammwaga." Basi tukaenda hivyohivyo.

"Shosho, unatoka wapi?" Kijana mrefu, ana rungu, anaongea nawe kwa heshima kabisa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, ile heshima. "Na huyu anakusukuma ni nani wako?"

"Mjukuu wangu. Musyoka."

Hukusita hata kidogo. Musyoka, kwa Kikamba jina la mtu aliyerudi. Nilikuwa nimesimama pale nikaona unamzaa mbele ya macho yangu.

"Mbona haongei?"

"Amezaliwa Nairobi. Kikamba chake ni kama chako."

"Aongee basi tusikie. Musyoka, ongea na shosho wako."

Wekesa hakuwa na Kikamba. Alikuwa na maneno mawili, yale aliyonisikia nikiyasema mlangoni kwako kila siku ya kliniki. Nikamwona akiyatafuta, jasho likimshuka kwenye kidevu. Na ulimi wa kwao haujui ile "th" yetu. Akasema, "Susu, tusi."



Kisha yule mrefu akaangua kicheko. "Ati tusi! Anamtukana shosho wake!" Nawe, Susu, nawe hukupoteza hata pumzi moja. Ukaunyanyua ule mkoba ukampiga nao mgongoni, pu! "Mimi nakutuma unipeleke hospitali, wewe unanitusi mbele ya watu? Ndio maana nilimwambia mama yako asikulee na maziwa ya pakiti!" Vijana wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya mawe. Wakakufungulia njia. Yule mrefu akakusaidia kuvusha gurudumu kwenye mtaro, akasema, "Shosho, huyo mchape zaidi."

Ulimchapa tena, kwa uhakika.

Kwa Anti Mwende ulimeza dawa tulizopata kliniki na ukakataa kulala. Wekesa alikuwa amegeuza mkokoteni mtupu arudi kwa mke wake kwa njia ya kuzunguka, na wewe ukakaa kwenye stuli mlangoni, simu ya Anti imebanwa sikioni kama redio, ingawa haikuwa imelia. Anti akakuambia uingie ndani, baridi. Ukasema, "Siingii mpaka Musyoka arudi kwao." Ilipolia hatimaye ulisikiliza, ukasema, "Haya," ukampa Anti simu, ukalala mpaka kesho yake mchana.

Mkataba wa amani wa wakubwa ulipotiwa saini, wewe ukataka kurudi Soweto. Tulibishana wote. Ukasema umechoka kuitikia kwa adabu nyumbani kwa mtu. Ukarudi, na Wekesa ndiye aliyekuja kukuchukua, na mitungi akaiacha. Wiki chache zile ulikuwa na furaha, nashukuru kwa hilo. Alikuwa akikuletea maji asubuhi na kugonga akisema, "Susu, tusi!" nawe unamtukana kweli kutoka ndani. Ndiye aliyekukuta mlangoni, sufuria bado mkononi, kiharusi cha pili. Ndiye aliyekubeba. Hospitali walimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa, akasema mjukuu, wakaandika.

Watu wa hospitali, ambao hawakujui, waliandika. Sisi ndio tulioshindwa.

Siku ya mazishi alikuja Machakos na suti ya kuazima. Mtangazaji aliposema wajukuu wapite waweke udongo, akatoka kwenye mstari wa nyuma na sisi. Mjomba Mutua akainua mkono. "Wajukuu tu, tafadhali." Wekesa akatazama mkono ule, akasema, "Hakuna shida, mzee," akarudi nyuma. Mimi nilipaza sauti, Susu. Nilisema yote niliyonayo. Lakini kwaya ikaanza kuimba, na hakuna anayeishinda kwaya ya wamama wa Machakos.

Nataka kumtendea haki Mjomba, ingawa leo sijisikii kutenda haki. Duka lake kule Bonde la Ufa lilichomwa, akalala kituo cha polisi na watoto wake chini. Anasema waliomchomea walikuwa wateja wake. Nilipomwambia kwamba Wekesa hakuwa huko, wala hao hawakuwa Waluhya, akasema, "Ni walewale." Asubuhi nikamjibu kwamba maneno hayo mawili ndiyo yaliyochoma duka lake. Kwamba yule aliyewasha kiberiti naye alisema ni walewale. Akakata simu. Nilikuwa sahihi. Nimekuwa sahihi siku nzima, na msalaba uko palepale, na Wekesa bado hana ruhusa ya kuugusa.

Sikiliza jambo linalonitesa hasa. Juzi, kabla ya simu hii, nilipita Soweto nikamwambia Wekesa kuhusu Desemba. Hakuuliza kama anakaribishwa. Alifuta mikono, akafikiri, akauliza, "Dada, huko kwenu maji ya kukorogea saruji yanatoka wapi?" Nikamwambia mtoni, na mto ni mbali, na mwezi huo huenda ukawa mchanga mtupu. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeona kazi yake. "Basi nitakuja na mitungi."

Unaona? Sisi tunabishana nani ni mjukuu. Yeye anauliza maji yako wapi.

Nilikuwa nimeanza kuandika hotuba nitakayomsomea Mjomba mbele ya mchungaji. Iko hapa kando, nzuri, kali. Nimeisoma tena. Ni ugali mkavu. Naiacha.

Nakuahidi hivi. Desemba nitakuja na Musyoka. Tutatembea mbele, si nyuma, yeye na mtungi wake na mimi na wangu, na utanisamehe nikiumwaga njiani, sikuzaliwa muuza maji. Mjomba akiinua mkono na kuuliza huyu ni nani, nitasema jina ulilompa, hilo moja tu, kisha nitafunga mahakama. Saruji itakuwa kavu pale, inangoja. Atakayetaka msalaba wako usimame itabidi apokee maji kutoka mikononi mwake.

Na kabla hajamimina, nimemwomba akusalimie kwa Kikamba. Amekuwa akifanya mazoezi akisukuma mkokoteni, wateja wanadhani amechanganyikiwa. Bado hawezi ile "th". Usimrekebishe.

Lala, Susu. Tunakuja.

Wakili wako