Menyu Iliyofunika Saa ya Boti

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi: wanapanga menyu ya ukurasa wa tovuti kwa kuangalia skrini yao, kisha wanadhani kila mtu anayo skrini hiyo. Niliwaonya wanafunzi juu ya kosa hilo hadi nilipostaafu.

Nimerudi kwenye ukurasa wa bandari ya Baraka, ninaoutunza kwa kujitolea. Menyu mpya imewekwa. Ukigusa neno "Safari", orodha inashuka: Kazimia, Mboko, Uvira. Skripti, yaani programu ndogo ndani ya ukurasa, ndiyo inayoificha na kuishusha. Mahali pake nimepapima kutoka kona ya juu ya ukurasa. Kwenye kompyuta yangu imekaa vizuri mno. Nimefurahi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kutwa. Paneli ya jua haikuchaji. Hakuna kazi.

Jumatano, 5 Machi

Boti ya Kazimia kesho itaondoka asubuhi, si mchana. Nimeandika tangazo kwa herufi nene, chini kidogo ya kichwa cha ukurasa. Akina mama wa soko niliwaambia mwenyewe: msijichoshe kuja bandarini kuuliza, someni kwenye simu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Mama Sifa, dada wa mke wangu, amefika bandarini mchana na furushi la vitenge. Boti ilikwisha kwenda. Binti yake Riziki yuko Kazimia, mimba ya kwanza, siku zimetimia. Amemwomba mama awe karibu.

"Shemeji, boti iko wapi?"

Nikamwambia saa iliandikwa, pale juu.

"Pale juu? Mi niliangalia! Page yako iko na kofia mpaka ku macho. Itaona aje?"

Wapagazi walicheka. Yeye hakucheka. Boti nyingine ni Jumamosi. Nimeona aibu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeazima simu yake. "Shika, lakini usinimalizie mega, ni ya kuongea na Riziki."

Nimeona. Ili kuokoa mega za intaneti, simu yake haiendeshi skripti. Kwa hiyo hakuna cha kuificha orodha, inabaki wazi. Tena skrini ni nyembamba: kichwa cha ukurasa kinajikunja mistari kadhaa, kinalisukuma tangazo chini, hadi pale pale nilipoitundika orodha. Maneno yanasogea, vipimo vyangu havisogei. Orodha imelala juu ya saa ya boti.

Dawa si kubadilisha namba. Namba nyingine ingefunika kitu kingine kwenye simu nyingine. Nimeiteremsha orodha chini ya tangazo, ikae kwenye mfululizo wa ukurasa kama aya ya kawaida. Skripti ikiendeshwa, ndipo iinyanyue na kuitundika chini ya neno lake, "Safari", si kutoka kona. Isipoendeshwa, orodha inasomeka ilipo wala haifuniki kitu.

Alasiri wamebadilisha tena saa ya boti ya kesho, ziwa limechafuka. Betri ilikuwa inakata roho. Niliogopa kweli. Nimeandika saa mpya, nimepandisha ukurasa mtandaoni, kompyuta ikazimika. Nimeufungua kwenye simu ya Mama Sifa. Saa inaonekana yote.

Nimemrudishia simu bila kumwambia saa. Nilitaka asome mwenyewe.

Amesoma. "Aa, sasa iko na uso."

Jumamosi, 8 Machi

Amesafiri. Nilimbebea furushi hadi kwenye boti.

Jumapili, 9 Machi

Mama Sifa amepiga simu kutoka Kazimia. Mtoto wa kike. Alizaliwa Ijumaa asubuhi. Wote wazima. Riziki alijifungua akiwa na jirani, mama yake akiwa huku Baraka ananiazima simu. Hakunilaumu. Alisema tu mtoto ana nywele nyingi.

Mke wangu anasonga ugali. Ziwa limetulia. Nimefuta vile vipimo vya kona kwenye kurasa zote zilizobaki, ule wa bei za samaki na ule wa matangazo ya parokia. Sijaziangalia bado popote ila kwenye kompyuta yangu.

Leo, kabla ya kulala: azima simu ya jirani, uzifungue.