Macho ya Kupeleka Jangwani

Jumatatu, 2 Juni
Magauni tena. Mwaka wa shule unaisha, na kila mama wa mtaa anataka binti yake ang'ae siku ya kusomewa matokeo. Baridi kali. Vidole vigumu, mkasi umejaa vumbi.

Nadège amepiga simu kutoka Windhoek, Namibia. Binti yetu hana tabia ya kuzunguka na maneno. Ndoa yetu inatimiza miaka thelathini, yeye na mume wake wamekwisha kulipia kila kitu. Mwisho wa Julai, ndege hadi Johannesburg, halafu Windhoek, halafu jangwa, halafu wanyama wa Etosha. Si kulala kwa ndugu na kupika. Hoteli za watalii. Tutahudumiwa.

Nimekaa na sindano mdomoni kama mjinga.

Prosper amecheka hadi akakohoa. Mume wangu ameendesha malori ya shaba kutoka hapa Likasi hadi bandari ya Walvis Bay ujana wake wote. Nchi ile ameipita mara nyingi kuliko alivyoingia kanisani. Kuipita tu. Hajawahi kusimama.

Jumamosi, 7 Juni
Ratiba imefika kwenye simu. Nimesoma mara nyingi, bado siamini. Hema lenye kitanda cha mbao na beseni la kuogea. Beseni, ndani ya hema! Chakula cha jioni juu ya mchanga, mezani kuna kitambaa cheupe. Asubuhi wanakurusha angani kwa puto kubwa la hewa moto, uone jangwa kutoka juu.

Prosper amesema puto hapana. Dereva hapandi kitu kisicho na usukani.

Mchana wote amenisimulia. Mageti ya lodge zile alikuwa akiyapita jioni, kibao kidogo, taa moja, njia ya mchanga inayopotea vichakani. Kila mara alijiuliza ndani kuna nini. Na karibu na bahari mchanga unapanda kama mlima, asubuhi unakuwa mwekundu upande mmoja na mweusi upande wa pili. Ametaka nione hivyo tangu Nadège hajazaliwa.

Zamani nilikuwa naionea wivu barabara ile. Leo nilimsikiliza kwa raha.

Jumatano, 11 Juni
Masharti ya watalii. Mfuko laini, si sanduku, kwa sababu ndege ya kwenda jangwani ni ndogo. Nguo za rangi ya udongo. Nyeupe hapana, bluu hapana, inaita mbung'o. Vitenge vyangu vyote vinapiga kelele kutoka mbali. Sawa. Nitashona. Nimenunua kitambaa cha kaki sokoni, kingine cha rangi ya majani makavu.

Jioni Nadège ametuma picha. Nimempa Prosper simu, nikarudi kwenye mashine. Alikuwa akizipitisha kwa kidole, akisifu. Choroa mzuri, yule swala wa pembe ndefu. Mchanga mzuri. Halafu:

"Mama Nadège, angaria hii tembo! Iko mukubwa sana."

Nimesogea kuangalia. Haikuwa tembo. Ilikuwa Nadège, amevaa koti la kijivu, amesimama mbele ya gari lake.

Nimecheka. Nilifikiri ni mzaha, kwamba mtoto amenenepa. Yeye hakucheka. Alikuwa akisubiri niseme kitu juu ya tembo.

Alhamisi, 12 Juni
Leo sikushona. Nimemtazama.

Anamimina chai huku kidole kimoja kiko ndani ya kikombe. Anakaa ameupa mlango mgongo, mwanga usimpige. Jirani alimpungia mkono kutoka barabarani, Prosper akamtazama kama ukuta. Jirani amefikiri ni kiburi. Mimi pia, miezi mingi, nilifikiri ni uzee na kiburi.

Mwaka juzi aliacha kuendesha. Alisema ni mgongo. Nilimkanda mgongo ule na mafuta ya mawese kila jioni. Haukuwa mgongo.

Nina hasira. Nina hofu pia, lakini leo hasira iko mbele.

Jumapili, 15 Juni
Misa. Wakati wa kwenda kukomunika alinishika kiwiko, kama kila Jumapili. Nilifikiri ni mapendo.

Tulikula bukari, ugali wetu wa mahindi, na samaki wa Mwadingusha. Nilimtolea miiba yote bila kusema. Akaelewa. Akaweka tonge chini.

"Tangu siku gani unajua?"

"Tangu tembo."

Basi akasema yote. Jioni moja Namibia, taa za gari lililokuja mbele zilifunguka machoni mwake kama ua jeupe, kubwa, likameza barabara. Alisimamisha lori kando. Alilala hapo. Asubuhi alimpa mwenzake funguo na hakushika usukani tena. Hakuua mtu. Hilo nimemshukuru Mungu papo hapo, mikono bado ina mchuzi.

Kwa nini hakuniambia? Kwa sababu ya baba yake. Mzee alipofuka polepole kule Kolwezi, waganga wa hospitali wakasema ni presha ya jicho, wamechelewa, hakuna dawa. Prosper alikuwa akimwongoza kwa mkono hadi chooni. Anaamini ni ugonjwa uleule, umekuja kumchukua na yeye.

"Na safari?" nimeuliza. "Ulikubali kwenda kuona nini?"

"Weye utaona. Utanielezea. Miye nilikwisha kuona zamani."

Nilitoka nje nikafua nguo safi.

Jumatano, 18 Juni
Hataki kwenda kwa munganga wa macho. Anasema akiambiwa, itakuwa kweli. Asipoambiwa, bado ni giza la kawaida.

Dada yake amekuja na mafuta ya maombi ya kanisa lake. Alimpaka kwenye paji, akaomba kwa sauti hadi kuku wakakimbia. Sikukataa. Mafuta hayamdhuru mtu. Lakini alipomaliza nimemsindikiza hadi barabarani, nikamwambia: wifi, sasa nisaidie, mwambie aende kupimwa. Amenishangaza. Amerudi ndani, akasema mbele yangu: "Kaka, Mungu iko na mikono mingi. Mingine inavaa gants ya munganga." Halafu akaenda zake.

Niliona imemwingia Prosper.

Jumamosi, 21 Juni
Nimemwambia. Bila munganga, hakuna jangwa. Nitampigia Nadège leo, nimwambie arudishe tiketi. Sitasafiri nchi mbili kwenda kumsomea mtu milima. Nikilala kwenye kitanda kile cha mbao nikiwa nimeficha hivi, nitalia usiku kucha, na wazungu watasikia kupitia hema.

Hajala vizuri. Anapangusa viatu ambavyo havina vumbi.

Nimeogopa kwamba nimekosea. Labda kumwacha asijue kulikuwa ndiyo huruma. Sijui.

Saa za jioni, bila kunigeukia: "Twende Lubumbashi. Lakini weye utaingia na miye mule ndani."

Alhamisi, 26 Juni
Nyumbani. Nitaandika yote.

Tulipanda taxi-bus asubuhi mapema. Njiani alivaa kofia hadi kwenye nyusi. Kliniki imejaa, watu wamekaa hadi nje. Munganga wa macho ni mwanamke, kijana, sauti ya chini. Alimtia dawa ya matone, akatuambia tusubiri. Kusubiri kule ndiko kulikuwa kubaya. Prosper alinishika kiwiko ingawa tulikuwa tumekaa.

Halafu mashine. Kidevu hapa, paji hapa, usipepese. Mimi nilisimama ukutani, nikahesabu vigae kwa kuwa sikuweza kumtazama. Munganga alikwenda jicho la kulia, la kushoto, tena la kulia. Nilimchukia kwa utaratibu wake.

Akazima taa.

"Papa, ni mutoto wa jicho. Macho yote mbili. Imekomaa, ulingoja sana. Lakini hii tunaitosha kwa operesheni, utaona tena."

Prosper hakusikia. Aliuliza juu ya baba yake.

"Nimepima presha. Iko muzuri. Ile ya baba yako, weye hauna."

"Hauna?"

"Hauna, papa."

Alimwomba arudie. Alirudia, bila kuchoka. Mungu ambariki msichana yule.

Nilitoka uani. Palikuwa na bomba. Nililifungua nikanawa uso, nikanawa tena, watu wakafikiri ni joto, na hakuna joto lolote mwezi wa Juni. Nililia kama mtoto. Prosper alitoka akipapasa ukuta, akanikuta kwa sauti ya maji. Tulisimama tu, bomba linamwaga, hadi mlinzi akaja kulifunga.

Ijumaa, 27 Juni
Nimemwambia Nadège. Kwanza amepiga kelele: mwaka juzi! Mumenificha tangu mwaka juzi! Nimesema mimi nimejua mwezi huu tu, mgombeze baba yako. Amemgombeza. Baba mtu mzima amekaa kwenye kiti cha jikoni anasema ndiyo, mama, ndiyo, mama. Halafu Nadège amelia, halafu amekuwa mtu wa kazi tena. Lodge wamekubali kusogeza tarehe. Mwanzo wa Septemba. Bado ni majira ya ukame, wanyama bado wanakuja kunywa kwenye visima.

Nimelala mchana. Sijalala mchana tangu nikiwa na mimba.

Alhamisi, 3 Julai
Operesheni, jicho la kulia. Amevaa kanzu yao ya kijani iliyo wazi mgongoni. Ameniambia kama akifa, viatu vyake apewe mume wa dada yake. Kwa jicho, Prosper? Watu hawafi kwa jicho. Amesema dereva hupanga.

Nimekaa kwenye benchi na suruali yake ya kaki, nikipinda pindo kwa mkono. Sindano ilienda inakotaka. Niliomba rozari, nikapotea katikati, nikaanza upya, nikapotea tena.

Imekwisha upesi kuliko nilivyoogopa. Wamemtoa anatembea. Bandeji nyeupe, mdomo umekauka, anataka Fanta.

Tunalala kwa binamu yangu hapa Lubumbashi.

Ijumaa, 4 Julai
Wametoa bandeji.

Alifungua jicho, akalifunga, akalifungua. Munganga alimuuliza anaona nini. Alikuwa akitazama mlango.

"Mulango ni bleu," alisema. "Bleu hivi? Tangu lini vitu ni bleu hivi?"

Wauguzi walicheka. Alitazama mikono yake, mbele, nyuma. Alitazama dirisha. Mimi nilibaki pembeni, nikapanga kitambaa changu cha kichwa kama bibi harusi. Nimezeeka kuliko macho yake yalivyoniacha. Nilijua atanigeukia.

Amenigeukia. Ametazama muda mrefu, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya mbali. Halafu macho yakashuka kwenye suruali iliyokuwa mapajani mwangu.

"Hii pindo nani alishona? Imepinda."

Nimempiga begani. Nimecheka hadi nikakaa chini. Munganga amesema tusimtikise mgonjwa.

Alhamisi, 31 Julai
Jicho la pili tayari, nalo limepona vizuri. Amerudi jana kutoka uchunguzi. Ruhusa ya ndege amepata. Kwenye mchanga, awe na miwani mikubwa, asisugue macho. Ameinunua mwenyewe sokoni, akajipima kwenye kila kioo. Anafanana na mwimbaji aliyeishiwa.

Ni mtu wa kusumbua sasa. Anaona kila kitu. Utando juu ya kabati. Kutu kwenye bati. Chumvi niliyoimwaga. Amepaka rangi lango. Amekwenda kwa jirani kueleza kwa nini hakuwa akimwamkia, wakakaa huko hadi chakula kikapoa.

Tumegombana juu ya puto. Mimi nataka kupanda. Yeye hapana. Nimesema basi abaki chini anipungie. Amesema mke wake haruki peke yake juu ya jangwa la watu. Kwa hiyo atapanda, na atakuwa amekasirika angani. Vizuri.

Ugomvi huu nimeupenda.

Jumatano, 20 Agosti
Viza zimetoka. Kadi za homa ya manjano tumezipata. Mifuko laini miwili, wa kwake mweusi, wa kwangu kaki. Nimekunja kila kitu: suruali mbili, mashati, sweta la alfajiri kwa sababu jangwa lina baridi kama Likasi ya Juni, anasema. Nimetia kitenge kimoja chini kabisa, chekundu na cha manjano. Kwa chakula cha jioni juu ya mchanga. Mbung'o wajipange.

Dada yake amekuja kuaga mapema. Ameomba kwa ufupi, jambo ambalo si kawaida yake. Alimshukuru Mungu kwa mikono yote.

Prosper alimpeleka hadi barabarani. Nilisikia wakicheka.

Jumamosi, 30 Agosti
Kesho tunakwenda Lubumbashi, kesho kutwa ndege. Joto limeanza kurudi. Mifuko iko sebuleni.

Mashine ya kushonea nimeifunika kwa shuka. Sina kazi yoyote. Nimekaa kwenye kibaraza, miguu peku.

Prosper alitoka kwenda kununua mkate, peke yake, kwa miguu, kuvuka barabara kubwa ya malori. Amechelewa. Lazima alikutana na watu. Nilikuwa nikisikia magari yakipita, honi, mtu anaita mteja wa mwisho wa taxi-bus.

Sikwenda kumchungulia langoni.

Amerudi. Mkate ulikuwa bado moto. Tumeula na siagi, wote wawili tumekaa upande wenye jua.