Dawa ya Mama Kwenye Friza la Samaki

Kaka Gwakisa,

Habari ya kwanza ni kwamba Johannesburg nzima hakuna mwanaume mwenye kifua kama changu, na wanaobisha hubishia mbali. Kitambi chako hakijambo? Kidonda cha Mama, pale walipokata mguu, kimefunga? Dagaa zetu za usipa ulizotuma zimefika, ndaga fijo, asante sana, ingawa nusu ni mchanga.

Hapa jimu wananiita Daktari. Kazi yangu ni kufua mataulo, lakini majitu mazito yananifuata yakinong'ona kuhusu peptidi, zile chupa ndogo za dawa ya kujidunga.

“Daktari, peptidi ndiyo nini?”

Protini fupi, nawaambia, kama shanga chache kwenye uzi.

“Siwezi kuinywa tu?”

Tumbo litaisaga kama usipa, mjinga wewe.

“Ni salama?”

Hapo nawauliza kama wameshaandika wosia. Mmoja alinunua yake mtandaoni, mkono ukavimba ukatoa usaha. Tulimcheka mpaka akaacha kuja.

Basi nikajua kwamba insulini ya Mama, dawa yake ya sukari, nayo ni peptidi. Nikamuuliza mwalimu wa mazoezi, ikiganda barafu je? Akasema, “Tupa. Hata ikiyeyuka ukaiona safi, imeshakufa. Unajidunga maji.”

Siku hiyo sikula.

Msalimie Mama. Nasikia sasa anafinyanga vyungu amekaa tu, udongo anakanyagiwa na watoto wako. Msalimie shangazi, yule aliyesema mkeo alipeleka dawa ya Mama kwenye nyumba ya watu kule Matema ili aitilie uchawi. Mwambie ulimi wake bado mrefu kuliko mtumbwi.

Ningepiga simu, ila wewe huweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Hili lisome peke yako.

Mkeo Subira alikuwa anatunza dawa vizuri, ndani ya chungu chenye mchanga mbichi. Mimi ndiye niliyempigia nikamcheka. “Shemeji, dawa ya hospitali unaiweka kama togwa? Ipeleke Matema kwenye friza la samaki.”

Akasema, “Nesi alisema baridi, shemeji. Hakusema barafu.”

Nikamwambia mtu wa darasa la nne habishani na mtu wa Sauzi. Akapanda mtumbwi, akaipeleka yote.

Mama alipokatwa mguu, Subira akawaambia ni mimi niliyemtuma. Mliponiuliza, nikasema sijawahi kuongea naye habari za dawa, na nikaongeza kwamba uso wake peke yake unatosha kuchachusha maziwa. Ukacheka. Kesho yake ukamrudisha kwao Talatala.

Mfuate, kaka. Hakudanganya.

Mdogo wako,
Lusekelo