Mbuzi wa Patron na Parking ya Hoteli

Jumamosi. Mvua ilianza kabla ya misa ya asubuhi na mpaka sasa haijaamua kama inakwenda au inabaki. Butembo yote ni tope. Cherehani yangu imefunikwa, wateja wanapiga simu kuuliza nguo zao za harusi, na mimi sipokei. Sina mkono wa kushona leo. Nina hasira, basi.

Wapimaji wa ardhi wamekuja kupima ua wetu. Wamechora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa nyumba ya nyuma, ile anamolala Tantine Kavira, dada ya baba yangu, Papa, pamoja na watoto wake tangu walipokimbia mauaji kule Manguredjipa. Jumatatu inabomolewa. Magari ya hoteli yanahitaji mahali pa kulala.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Magari yanahitaji mahali pa kulala.

Babu alipopewa kiwanja hiki hapakuwa na mji hapa. Palikuwa na mikaratusi, na watu walimcheka kwamba anakwenda kuishi na nyani. Mji ukamfuata wenyewe. Leo tuko katikati kabisa, tumezungukwa na majumba ya étage, ghorofa juu ya ghorofa, yenye vioo vya bluu, na ukiinua macho kutoka jikoni kwetu unaona balcony za hoteli na wageni wanaovuta sigara. Hoteli ni ya mtu ambaye mtaa wote unamwita Patron, mfanyabiashara, mtoto wa kijiji cha Kipese, Mnande kama sisi. Sitamtaja jina.

Niseme ukweli, hoteli ilipokuwa inapanda nilifurahi. Kila ghorofa ilipoongezeka nilijiona na mimi nimekua kidogo. Mapazia ya vyumba vyake nimeyashona mimi, na nilijisifu sokoni mpaka watu wakachoka kunisikia.

Alipoanza kujenga, Patron alikuja kwa Papa na kofia mkononi. Aliomba mahali pa kuweka mchanga na vyuma, nyuma ya ua. Papa akampa. Ujenzi ulipoisha akaomba magari ya wageni yalale hapo, kwa muda tu. Papa akampa tena. Na kila Noeli Patron alimletea Papa mbuzi, yeye mwenyewe, akimvuta kwa kamba mbele ya macho ya majirani.

Kwetu sisi Wanande jambo hilo halihitaji maelezo, lakini kuna wanaosoma hapa kutoka mbali. Mtu akikaa au akilima kwenye udongo wa mwingine, humpelekea mwenye udongo mbuzi. Sio malipo. Ni kusema mbele ya watu: najua mahali hapa ni pako, mimi ni mgeni wako. Baba zetu walikaa hivyo miaka na miaka bila kuandikiana kitu. Kwa hiyo Papa hakumdai Patron karatasi hata mara moja. Alisema kumdai karatasi mtu aliyekuletea mbuzi ni kumwita mwizi akiwa mezani kwako.

Mwaka huu magari yakakatazwa kulala kando ya barabara kubwa. Kila hoteli ikaambiwa ionyeshe parking yake, au ifungwe. Patron hakuja tena na kofia mkononi. Alikwenda kwenye ofisi ya ardhi, akaonyesha jinsi magari yake yanavyolala kwetu siku zote na hakuna aliyewahi kulalamika, akatoka na hati. Upande wa nyuma wa ua wetu, pamoja na nyumba ya Tantine, sasa uko ndani ya hoteli. Nimefika kila mlango ninaoujua katika mji huu. Kila mahali wananiuliza hati yetu, na sisi hatuna hati, tuna mbuzi.

Asubuhi hii Papa alivaa koti lake la kanisani kuwapokea wapimaji. Mkubwa wao ni kijana wa serikali, ametumwa huku kutoka mkoa wa mbali. Ana adabu. Alimpa Papa mwavuli wake kabla ya kumuuliza chochote.

"Papa, document ya parcelle iko wapi?"

"Kila Noeli huyu mutu ananiletea mbuzi," Papa akajibu. "Uliza batu bote ba hapa. Mutu anakuletea mbuzi, amekubali kama udongo iko ya weye."

Kijana akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

"Papa, kwetu kule mbuzi haiko document. Mbuzi ni nyama."

Yeye simlaumu. Hakuzaliwa hapa. Lakini Patron naye alikuwa amefika, amesimama chini ya paa letu kukwepa mvua, na Papa akamgeukia.

"Ambia huyu mutoto. Weye uko mwana wa Kipese. Baba yako alilima ku udongo ya benyewe, nilimuonaka anapeleka mbuzi. Ilikuwa nini ile?"

Patron alitazama simu yake. Haikuwa imelia.

"Ile ni mambo ya village, Papa. Huku ni ville. Miye nilikuleteaka zawadi ya Noeli tu, sababu tuko majirani."

Anajua. Mtu yule anajua vizuri kuliko mimi. Nilitaka kumrukia, na badala yake nilikwenda kuondoa nguo za watoto wa Tantine kwenye kamba ili zisije zikapakwa rangi nyekundu. Wanasema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hapa kwetu wanaishia kwenye mnyongeni.

Nikampigia Mumbere, ndugu yangu anayekaa Beni, mtaa wa Bungulu. Nilidhani atanisaidia kukasirika.

"Dada, huku tunazika batu," akasema. "Donc ninyi kule munalia juu ya parking? Mushukuru Mungu muko bazima."

Nilikata simu. Ana haki. Nani atalilia ua, wakati kuna watu wanaoacha shamba, nyumba na maiti bila kugeuka nyuma? Lakini Tantine Kavira ni mmoja wa watu hao hao. Alitembea porini na mtoto mgongoni mpaka akafika kwetu, na Papa alimwambia mbele yetu sote kwamba hapa hakuna atakayemtoa. Papa wangu si mtu wa maneno mengi. Hilo alilisema kwa sauti.

Wapimaji walipoondoka, Papa alikaa kidogo mlangoni, kisha akaenda kumfungua mbuzi. Ni beberu mweusi wa Noeli iliyopita, Papa alikuwa anamfuga kwa ajili ya Pasaka. Nikamuuliza anampeleka wapi.

"Namurudishia mwenyewe."

Hata hilo kwetu lina maana moja tu. Ukimrudishia mtu mbuzi wake umevunja urafiki wa udongo, umemwambia aondoke kwako. Ni neno zito, wazee hawalisemi ovyo. Nilichukua mwavuli nikamfuata kwenye tope, naye hakutaka kufunikwa.

Hotelini kulikuwa na harusi. Magari yenye maua yalijaa mpaka getini. Mlinzi alimtazama Papa, akamtazama beberu.

"Huku mbele ni ya bageni, Papa. Pitia nyuma, ku cuisine."

Tukapitia nyuma. Patron alikuwa juu na wageni wake, hakuna aliyetaka kumwita. Kwa hiyo Papa, amelowa, koti la kanisani limemshika mabegani, alisema maneno yake mazito mbele ya mpishi na wasichana wawili waliokuwa wanamenya viazi.

"Mutamwambia bwana yenu, nimerudisha mbuzi yake. Atoke ku udongo yangu."

Mpishi alifuta mikono, akapokea kamba.

"Aksanti sana, Papa. Tutamwambia."

Tukarudi. Njiani Papa alitembea wima, jinsi ambavyo sijamwona tangu hati ile itokee. Alimwita Tantine akamwambia alale bila wasiwasi, mbuzi amerudishwa. Tantine akapiga makofi taratibu na kuinama kidogo, kwa heshima. Mimi nilijifungia chumbani nikauma kitambaa.

Sikuwa na moyo wa kumwambia Papa kwamba amezungumza na jiko.

Alasiri msichana mmoja wa hoteli alikuja na sahani kubwa iliyofunikwa. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefurahi kwa kweli kutuletea kitu kizuri.

"Patron anasema wasingya. Bageni ba harusi bamependa sana mbuzi ya Papa. Hii ni ya batoto."

Wasingya, yaani asante. Alinishukuru kwa Kinande kabisa, akaenda zake chini ya mwavuli wenye jina la hoteli.

Nilibaki nimeshika sahani. Ilikuwa bado ya moto. Nilifikiri kuitupa, nilifikiri kuirudisha na kuimwaga kwenye mazulia yao. Lakini watoto wa Tantine walikuwa wamekwisha sikia harufu. Tangu wafike hapa wanakula fufu na sombe ya majani ya muhogo, na siku nyingine sombe peke yake, na hawajawahi kulalamika. Nikaiweka chini. Sijui kama nilifanya vibaya. Niliiweka chini tu.

Papa akatoka. Akauliza nyama imetoka wapi, na mimi nikamwambia yote, maana nisingeweza kutunga uongo hapo hapo. Mbuzi uliyemrudisha huli nyama yake. Ukila, umelimeza neno lako, kila mtu hapa anajua. Watoto nao wanajua, wamelelewa kijijini. Walisimama na nyama mikononi wakimwangalia, hakuna aliyetafuna. Yule mdogo alirudisha kipande chake kwenye sahani na kujifuta vidole kwenye shati.

"Kuleni," Papa akasema.

Hawakusogea.

Akavuta kigoda. Akaomba maji, akanawa mikono polepole, mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejitayarisha kwa kazi. Akachukua kipande kile cha mtoto, akakila mpaka mwisho, akachukua kingine akampa mtoto mkononi.

"Munaona? Kuleni. Bameweka chumvi mingi, lakini iko muzuri."

Basi wakala.

Tantine Kavira alikuwa amesimama mlangoni na ameona. Hakuniuliza Jumatatu ni saa ngapi, hakumuuliza Papa kuhusu ahadi yake. Aliingia ndani ya nyumba yenye msalaba mwekundu, nikamsikia anakunja mkeka.

Sasa harusi inapiga muziki na vioo vyote vya hoteli vinatetemeka. Papa amelala mapema, amegeukia ukutani. Kesho ni Jumapili, nitawaona watu wote ninaowajua wamekaa kanisani mstari kwa mstari. Ninawapitia kichwani mmoja mmoja, nikitafuta mwenye chumba cha Tantine na watoto, maana kwetu mbele hapatoshi, na kila ninayemfikiria tayari ana wageni wake waliokimbia.