Sauda Kala Ubwabwa wa Khitma Yako

Kaka Shomari,

Umekufa, umeniachia ng'ombe na dada yako. Ng'ombe afadhali.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakucheka hapa Ilala? Kila asubuhi unamkamua Sauda, unaangalia maziwa kwenye ndoo, ndiyo unapima pumba na mashudu kwa kopo lako. Maziwa yakipanda, unaongeza kidogo. Yakishuka, unachungulia mavi yake kwanza. Nikakwambia, "Kaka, sisi tunapanga foleni ya sukari, we unampa ng'ombe mgao!" Ukanijibu, "We Athumani, akila zaidi inaishia kwenye kinyesi, na pumba zenyewe za kuhangaikia. Mpe kinachomtosha." Nilicheka, lakini nikashika.

Sasa nisikilize, maana nimechoka na hawa ndugu zako.

Siku ya khitma yako watu walijaa, na ubwabwa ukabaki. Mimi nipo Kariakoo natafuta mashudu. Huku nyuma dada yako, Da Mwajuma, anawaambia wenzake, "Sauda naye mfiwa, jamani. Mpeni sinia lake." Sinia gani, kaka! Sufuria zima. Mwingine akaongezea chapati. Ng'ombe uliyempimia miaka yote, kwenye khitma yako kala kama bwana harusi!

Narudi, ubavu wa kushoto umetuna kama ngoma, anahema, ulimi nje. Da Mwajuma analia, "Anamfuata kaka!" Nikamwambia, "Hamfuati mtu, kavimbiwa!" Nikataka mafuta ya kula nimnyweshe, kama ulivyonifundisha. Mtaa mzima hakuna. Kumbe Da Mwajuma ana chupa, kaificha uvunguni tangu Ramadhani. Kanipa huku anaiangalia kama anazika tena. Nikamnywesha Sauda, nikamzungusha uani, nikazunguka naye weee, mpaka akacheua.

Kaka, nilikaa kwenye matope nikalia. Mazishini kwako sikulia. Nilikuwa nawachekesha watu, si ndiyo kazi ya mtani.

Maziwa yakakauka, karibu yote. Baba zako wadogo wakaamua auzwe kwa muuza nyama. Na wanao wanywe nini, chai ya rangi? Nikawaomba, nikawabembeleza, niachieni kwanza nimlishe kwa kipimo cha kaka. Majani matupu, halafu pumba kiduchu, kila asubuhi naangalia ndoo kabla sijaongeza. Da Mwajuma anapita ananiambia, "We bahili, utamuua kwa njaa." Yeye! Ananiambia mimi!

Jana muuza nyama kaja na kamba yake. Asubuhi hiyohiyo Zuhura, kitindamimba wako, alikuwa kapata kikombe kizima, povu mpaka puani. Nafungua mdomo nimjibu yule bwana, Da Mwajuma kaniwahi: "Toka! Huyu anakamuliwa, hachinjwi!" Kamfukuza mpaka barabarani, kanga mkononi. Baba zako wadogo wakaagiza chai ya maziwa.

Basi pumzika, kaka yangu. Nakuahidi, arobaini yako ikifika, ubwabwa mimi sili. Nakaa mlangoni pa banda na fimbo, mpaka sufuria la mwisho lioshwe.

Mdogo wako,
Athumani