Nimeshindwa Kuthibitisha Kwamba Mimi ni Mtu

Alhamisi. Kitengela kuna mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna, vumbi ndilo letu. Nimechoka.

Mama yangu alikuja kutoka Vihiga mwezi uliopita kwa sababu ya macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Wiki ijayo kuna madaktari wanakuja hospitali ya Kajiado kupasua macho bila malipo, lakini ni lazima ujisajili kwenye tovuti, na mwisho ulikuwa leo saa kumi jioni. Niliomba ruhusa kazini nikarudi nyumbani saa nane. Nilijiambia hii ni kazi ya dakika tano.

Nilijaza kila kitu. Kisha wakaniambia nithibitishe kwamba mimi si roboti.

Nichague picha zenye kivuko cha waenda kwa miguu. Nikagusa zote zenye watu wanaovuka. Kwetu hapa kwenye barabara ya Namanga, watu wanapovuka ndipo kivuko, pamoja na mbuzi na punda wa kubeba maji. Kumbe walitaka mistari myeupe, hata kama hakuna mtu. Jaribu tena. Nikaletewa mabomba ya zimamoto. Mimi bomba la zimamoto sijawahi kuliona maishani, nikagusa kila kitu chekundu kilichosimama kando ya barabara. Jaribu tena. Mara fomu yote ikafutika, nikaanza upya na jina la Mama.

Mama alikuwa kando yangu anachambua maharagwe kwa vidole.

"Sasa hao wanataka nini?"

"Wanataka kujua kama mimi ni mtu."

"Si wakupigie simu, wasikie ukiongea?"

Sikucheka. Nilimfokea. Nikamwambia angesema mapema, mwaka jana macho yalipoanza kumsumbua, tusingekuwa hapa. Aliendelea na maharagwe.

Naona aibu kuandika hilo, lakini nimelisema.

Saa kumi na dakika mbili picha zikanikubali. Ukurasa uliofuata ukasema usajili umefungwa.

Nililia kidogo jikoni. Halafu nikamwomba Mama msamaha, nikamwambia kesho alfajiri tunaenda Kajiado wenyewe. Tutasimama kwenye dirisha la mapokezi la hospitali mpaka mtu atoke atuangalie. Wakitufukuza, tutakuwa tumefukuzwa na binadamu.

Amekubali. Ameshanyoosha kitenge chake kizuri kwa kiganja, akitafuta mshono kwa kugusa.

Muda mfupi uliopita ameniita chumbani. Ameuliza kwa sauti ya chini kama kesho na yeye ataonyeshwa picha, na asipoziona, watamrudisha?

Nimemwambia huko, Mama, asiyeziona ndiye anayetakiwa.

Nimesema kwa sauti ya mtu anayejua. Ee Mungu, naomba iwe kweli.